Koti la Verna

Kipaza sauti kilikuwa juu mno, hivyo Verna akanyoosha mkono kukishusha. Koti lake likapanda. Kamati nzima ya bunge la jimbo la Oklahoma, Marekani, ikaona ala ya bastola kiunoni mwake.

"Ana bastola!" mtu akapiga kelele.

Askari wa mlangoni akashika yake.

Verna akageuka taratibu, watu wakaiona vizuri ile ala ya ngozi iliyochakaa. Ilikuwa tupu. Humo ndani raia hawaruhusiwi kuingia na silaha, kwa hiyo sote tuliokuja kudai sheria ya kubeba bastola waziwazi tulivaa ala tupu.

"Tulia, mwanangu," Verna akamwambia mwenyekiti wa kamati. "Kibali cha bastola ninacho, ila sheria yenu inataka niifiche. Mwaka jana dukani nilinyoosha mkono hivihivi kuchukua kopo la maharage. Bastola ikaonekana, nikalala rumande, bibi kizee mimi, miaka sabini na moja!"

Kisha akamnyooshea kidole askari, ambaye bastola yake ilining'inia nje tangu asubuhi.

"Na huyu je, mbona hamjamwogopa?"

Mwenyekiti akanyanyuka, akaja mwenyewe kumshushia kipaza sauti.