Mshindi wa Meno na Mzigo wa Miwa

Zama zile wanyama walipokuwa na mawaziri, Kongoni alitumwa kulinganisha mipango ya afya ya kinywa ya nchi mbili jirani. Nchi itakayoshindwa ingelazimika kufuata mpango wa mwenzake.

Kwa Ngiri alipokewa kwa ngoma. Alionyeshwa mabango njia nzima, akaimbiwa wimbo wa mswaki, akakabidhiwa ripoti nzito kama jiwe la kusagia. Waziri Ngiri akatabasamu, na yale meno yake mawili ya nje yakameremeta.

Kwa Pimbi hapakuwa na bango hata moja.

"Mpango wetu ni bibi," Waziri Pimbi alieleza. "Asubuhi hakuna anayepewa uji kabla bibi hajamnusa kinywa."

"Na ripoti?"

"Bibi hajui kuandika."

Kongoni akafunga daftari, akampa Ngiri ushindi.

Zawadi ilikuwa mzigo wa miwa. Wanyama wakakusanyika kumtazama bingwa akiila. Ngiri akachagua muwa mnene, akaung'ata, kisha akaganda huku machozi yakimlengalenga. Meno ya nje yalisuguliwa kila wageni walipokuja, lakini magego hayakuwahi kuuona mswaki.

Akamsogezea Pimbi muwa, akanong'ona, "Jirani, hebu nisaidie huu."

Pimbi akaumenya kwa meno, akatafuna pingili ya kwanza, akatema makapi. Kongoni alikuwa akitazama, kalamu mkononi.

"Mheshimiwa," Pimbi alimwambia Ngiri, "wimbo wenu nitajifunza leo hii. Niruhusu tu nimalize kutafuna."