Mrika Amwita Mumewe

Siku ya pili baada ya mumewe kufa, Mrika aliamriwa apande ukutani akamgombeze kwa kuchelewa kula.

Mume mwenyewe, Progon, alikuwa amelazwa kwenye kanisa dogo la ngome, kafunikwa blanketi la farasi. Mshale ulimwingia chini ya kwapa. Mahali pake pale juu walisimamisha gunia la majani makavu, wakalivisha koti lake na kofia yake nyeupe ya sufu. Ukilitazama kutoka bondeni ungeapa ni yeye.

Lango la Petrosa lilikuwa limepasuka tangu wiki iliyopita. Askari wa Sultani walilijua hilo, na kwa wingi wao wangeweza kulisukuma kwa mabega tu. Kilichowazuia ni mtu mmoja na upinde wake wa chuma, aliyemlaza kila aliyelikaribia. Hata jina lake walishalijua. Kila asubuhi mpiga mbiu wao, aliyejifunza lugha ya milimani kwa kuungaunga, alisimama chini akaita: "Progon, bado u hai?" Naye Progon alimjibu kwa matusi yaliyoanzia kwa mbuzi na kuishia kwa mama mkwe, ngome nzima ikacheka.

Sasa walibaki wanaume kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja wao ambaye angeweza kumpiga ng'ombe mshale hata akiwa zizini. Msaada ungefika Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Adui akijua kwamba Progon kafa, angeingia kabla ya chakula cha mchana, na mle kanisani, kando ya maiti, walijazana wanawake na watoto sitini, wakiwamo binti wawili wadogo wa Mrika.

Kwa hiyo kapteni Domenik alipiga marufuku msiba. Hakuna kujikwaruza mashavu, hakuna mwanamume kuvaa koti ndani nje, hakuna kusimama mikono kiunoni na kumlilia marehemu kwa sauti. Wazee walinung'unika kwamba Petrosa hata mwizi wa kondoo huliliwa. Mrika hakunung'unika. Hakuwa na nguvu hata ya hilo.

"Utamwita kwa jina," kapteni alimwambia. "Kwa sauti, wasikie kuwa yupo."

"Kapteni, sijawahi kumwita kwa jina."

"Mmeoana miaka mingapi?"

"Ishirini na mitano."

"Na muda wote huo ulikuwa unamwitaje?"

"Wewe."

Kapteni akatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu kuzingirwa. Alikuwa mtu wa Durrës, pwani, ambako wake huwaita waume zao dirishani kwa jina na kuongeza mengine wayatakayo. Watu wa pwani wana yao. Huku juu mke hulitamka jina la mumewe siku moja tu, siku anapomlilia akiwa amelala mbele yake. Mrika alimweleza hivyo. Alimweleza mara mbili.

"Mama," kapteni alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu mbaya, "hao wametoka Anadolu, ng'ambo ya bahari. Wanajua nini kuhusu wake wa Petrosa?"

Mrika alijifunga shuka kiunoni. Akapanda.

"Progon, uji unapoa," aliita. "Au unangoja nikulishe, Progon, ewe mvivu?"

Jina lilimtoka kama jino linalong'olewa. Alitamani aanguke palepale amlilie mumewe kama wanawake wenzake walivyowalilia wao. Badala yake alicheka, akalipiga lile gunia kofi la begani, na wanaume waliokuwa ukutani wakacheka naye kwa amri ya kapteni. Chini, mpiga mbiu alitikisa kichwa akarudi hemani kwake. Hila ilikuwa imekubali.

Jioni Mrika alikaa karibu na maiti, binti zake wamemlalia mapajani, akamfikiria Tanush, mtoto wake wa kwanza. Miaka mitatu iliyopita Tanush alichukuliwa pamoja na vijana wengine wa milimani, akapelekwa kwa Sultani kuwa rehani ya amani. Amani ilivunjika, kijana hakurudi. Mrika alikuwa amemlaani kila mtu kwa ajili ya jambo lile, akiwamo Mungu. Usiku ule alimshukuru. Angalau mmoja wa kwake alikuwa mbali na Petrosa, anakula mkate wa watu, na hajui lolote.

Jumamosi asubuhi mpiga mbiu aliita tena, na safari hii askari wengi zaidi walikuwa wamesogea nyuma yake kusikiliza. Mrika akajibu kwa niaba ya gunia. Alimwita Progon mvivu, akamwita Progon mlafi, akamtaka Progon ashuke ale. Askari walicheka. Ilibaki siku moja tu.

Kisha kijana mmoja katika safu ya mbele aliweka ngao yake chini. Wenzake walimshika mkono, akajinasua. Alikuja peke yake hadi kwenye mawe yaliyo chini ya lango, mahali ambapo kwa wiki nzima hakuna aliyethubutu kukanyaga, akasimama. Alivua koti lake jekundu la jeshi la Sultani, akaligeuza ndani nje, akalivaa tena.

"Anafanya nini huyo?" kapteni aliuliza.

Kijana alijikwaruza mashavu kwa kucha zake mpaka damu ikatoka, akaweka mikono kiunoni, akainua uso.

"Ole wangu, baba," alilia Tanush, na nyuma yake mpiga mbiu akaanza kuwatafsiria wenzake.