Nimeshiba

Kwa miaka saba, kila penye msiba, Bi Tunu alipeleka sufuria ya pilau na kuirudisha nyumbani imejaa, maana mtaa mzima ulimwita mchawi. Leo wanawake waliizunguka wakapakua hadi ukoko.

"Tunu mwenzetu, pilau yako haina mfano!"

Machozi yakamlengalenga. Ndipo alipoiona sufuria nyingine pembeni, haijaguswa, na nyuma yake Mwajabu, mjane mgeni ambaye minong'ono ya uchawi sasa ilikuwa imemhamia, kashika upawa.

"Karibu, dada. Bado ya moto."

Wanawake wakamtazama Tunu. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni.

"Ahsante, nimeshiba," akasema, maneno yaleyale aliyoambiwa yeye miaka saba.

Wenzake wakasogea, wakampisha akae katikati yao. Mwajabu akabaki na upawa mkononi, mvuke ukipungua.