Udongo wa Pindoni

Mbaruku alimwonyesha mama yake, Bi Mwanatumu, aina mbili za letusi zilizooteshwa majini, ndani ya nyumba, chini ya taa. Za kijani zilikuwa zimenawiri. Nyekundu zilikuwa zimesinyaa.

Bi Mwanatumu aliinua moja nyekundu, akaitazama mizizi yake inayoning'inia.

"Hii imeshika nini, baba?"

"Haijashika kitu, mama. Inakunywa maji tu."

"Ndiyo maana inakufa. Mche hauhami bila udongo wake." Akafungua pindo la kanga. "Nimekuchotea wa shambani kwetu."

Udongo ule ungeweza kuambukiza miche yote. Lakini shamba lenyewe Mbaruku alikwisha kuliuza ili anunue taa hizi, na mama alikuwa bado hajaambiwa. Akampisha mama aumwage majini.

Udongo ukazama. Pampu ikayavuta maji ya kahawia, taratibu, kuelekea kwenye zile za kijani.