Kidole cha Mkulima

Mara ya nne mama alibandika kidole gumba kwenye mashine, na mara ya nne ikawaka taa nyekundu.

Alikifuta kwenye gauni, akakitazama. Mpini wa jembe ulikuwa umekisugua miaka thelathini hata mistari yote ikafutika, kikabaki kinang'aa kama kokoto la mtoni.

"Bila alama ya kidole sikupi ruzuku ya mahindi, mama," karani alisema. "Kaa wiki tatu usishike jembe. Mistari itarudi."

"Wiki tatu! Na mvua ndiyo hii imeanza?"

"Ndio utaratibu. Lazima tuhakikishe anayelipwa ni mkulima kweli."

Nyuma ya mama alisimama mdogo wa marehemu mumewe, muuza simu, mtu asiyejua jembe linashikwa upande gani.

"Pole, shemeji. Hebu nipishe."

Akabandika kidole laini kama cha mtoto mchanga. Mashine haikusita hata kidogo. Taa ikawaka kijani.

"Ekari mbili, kando ya mto," karani alisoma. "Hongera, mkulima."

Mama aliinamia kucha zake. Udongo wa ekari hizo mbili ulikuwa bado umo, mbichi, wa asubuhi ile.