Programu ya Mwendo wa Kobe

Siku hizo kompyuta ya muziki ilipiga kile kilichomo moyoni mwa mwenyewe, na sheria ilikataza kuizima. Ulichoruhusiwa ni kuchagua programu tu.

Riziki aliumbuka siku wifi yake, Mwanaisha, alipopiga hodi, na kompyuta yake ya jikoni, ndogo kama kiberiti, ikaangusha mipasho. Akahangaika hadi akapata programu ya mwendo wa kobe, inayopiga yaliyokuwa moyoni saa moja iliyopita. Wifi aliporudi siku nyingine akapokewa na wimbo mtamu wa mahaba, uliotokana na Riziki kunywa chai yake peke yake saa moja kabla.

"Kumbe wanipenda hivi, wifi yangu!" Mwanaisha akamkumbatia.

Kesho yake Riziki aliporudi kutoka kazini, kompyuta kubwa ya mumewe pale sebuleni ikampokea kwa wimbo wa mapenzi, kama kila jioni. Akamsimulia Shebuge kisa cha wifi, mbavu hana.

"Programu nzuri hiyo," mumewe akasema. "Mimi ninayo tangu tuoane."

Riziki akaacha kucheka. "Saa moja kabla sijarudi, huwa unafanya nini?"

"Sifanyi kitu, mke wangu. Huwa nimekaa tu, peke yangu."