Habari Njema za Ofisini

Alipofika kwenye migomba ya mwisho kabla ya nyumba, Skolastika aliweka kikapu chini, akavua kandambili na kuvaa viatu vya kisigino. Alijifuta vumbi la njia ya Nkoaranga miguuni, akajipaka rangi ya mdomo bila kioo. Mwisho akauvaa shingoni ule ufunguo wa ofisi, ambao haukufungua tena mlango wowote.

Jana yake kutwa alikuwa sokoni Kimandolu, ameinamia rundo la mitumba, akiita wateja mpaka sauti ikamkauka. Leo alikuwa tena katibu muhtasi wa Kilele Kompyuta.

Kilele ilishakufa. Ilifungwa kabla ya Kwaresma, mzee Elihuruma akiwa ameshaangushwa na kiharusi, na hakuna mfanyakazi aliyethubutu kumwambia mwenye kampuni kwamba hana kampuni. Mzigo ukamwangukia Skolastika. Kila Jumapili baada ya misa alipanda mlima kumpelekea mzee habari za ofisini, na zote alizitunga njiani.

Leo alikuwa ameapa kumwambia. Daktari alishasema mzee havuki msimu huu wa kahawa, na roho ilimuuma Skolastika kumwacha mtu aingie kaburini na uongo aliomlisha yeye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Skola. Habari za ofisini?"

"Nzuri, mzee."

Akajing'ata ulimi. Hata hajakaa, ameshaanza.

Ndivyo walivyozoeshwa wafanyakazi wake. Biashara zilipofunguliwa milango, Elihuruma aliacha kazi ya shirika la umma, akaanza kuuza kompyuta Arusha wakati wengi walikuwa hawajaiona hata picha yake, na mji ukamvulia kofia. Kikao chake cha Jumatatu kilianza kwa sala, kisha kila mmoja alisimama kutoa habari njema, kama ushuhuda kanisani. Habari mbaya hazikuwa na kiti pale. "Mkosi huo peleka nje," alikuwa akisema mzee, na watu wakicheka.

Siku moja fundi Derick alisimama. Alisema kontena zima lililoagizwa lilikuwa la mashine zilizopitwa na wakati, na wateja walikuwa wanavuka mpaka wa Namanga kutafuta mpya Nairobi. Mzee alimsikiliza kwa upole. Akamuuliza kama kuna baya lingine, akamwambia aseme tu, asiogope. Derick, masikini, akasema yote. Alipomaliza akaonyeshwa mlango, na kiti chake kikatolewa siku hiyo hiyo.

Tangu hapo kila kitu kikawa kizuri. Mauzo yakishuka dukani, kikaoni yanapanda. Mashirika ya wageni yaliyomiminika mjini yalinunua kwingine, na kila Jumatatu mzee aliambiwa kwamba yako njiani yanakuja. Walipiga makofi mpaka wiki ya mwisho, Skolastika akiwa mstari wa mbele.

Sasa mzee alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja umekufa juu ya blanketi. Macho tu ndiyo yalibaki ya mkurugenzi.

"Kibao chetu pale juu ya mlango," alisema polepole. "Hakijafifia?"

Lilikuwa swali lake la kila Jumapili. Skolastika aliikumbuka siku kibao kilipong'olewa. Aliambiwa kimeuzwa chuma chakavu.

"Hapana, mzee. Juzi tumekipaka rangi."

"Rangi gani?"

"Ile ile ya bluu."

Nje ng'ombe alilia, na sauti ya mkewe, Mama Nice, ikasikika ikimkemea.

"Derick yuko wapi siku hizi?"

"Nasikia yuko Moshi, mzee. Ana duka lake."

"Alikuwa mkweli yule kijana." Mzee alishusha pumzi. "Skola, hakuna baya kabisa? Hata dogo? Sema tu, mwanangu, usiogope."

Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu kanisani yalikuwa pale pale mdomoni. Lakini sauti ile aliijua. Ndiyo ile ile, na upole ule ule, iliyomwambia Derick asiogope. Skolastika alijua fika kwamba hapakuwa tena na kazi ya kufukuzwa, wala mlango wa kuonyeshwa, na bado alijikuta amesimama wima kama yuko kikaoni.

"Hakuna baya, mzee. Wote wanakusalimu."

Mzee alimtazama muda mrefu, kisha akageuza uso ukutani.

"Haya. Nao wasalimie. Pita jikoni, mama akufungie ndizi."

Skolastika alitoka machozi yakimlenga. Alijionea aibu, na alimwonea mzee huruma ambayo hakuwahi kumwonea alipokuwa mzima. Nitamwambia Jumapili ijayo, aliwaza, huku akijua kwamba sasa anajidanganya hata mwenyewe.

Jikoni, Mama Nice alikuwa amechuchumaa akichagua ndizi. Nyuma yake, kimeegemezwa kwenye gunia la kahawa, kilikuwapo kibao kirefu cha bluu, kimefutwa vumbi vizuri, herufi zake nyeupe zimepauka kwa jua: KILELE KOMPYUTA.

"Mwenye jengo la ofisi alikileta mwenyewe, tangu Pasaka," alisema Mama Nice bila kuinua macho. "Mzee analala nacho pale miguuni pa kitanda. Ila kila Jumapili, tukikuona unapanda, anatuambia tukitoe kwanza, akuulize."